Kifundo cha Tatu: Wasifu wa Ngwako Maphoto, 1974–2024

Marehemu Ngwako Maphoto alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, kijijini Ga-Mothapo, mtoto wa pili wa Mzee Lesiba na Mama Raesetša Maphoto. Wa kwanza ni mimi, Mokgadi, ninayewasomea. Wa tatu na wa mwisho alikuwa Phuti, aliyezaliwa mwaka 1977, naye ametutangulia. Mama alikuwa akisema Ngwako alipozaliwa hakulia mpaka jirani alipofungua redio. Anayebisha amfuate Mama aliko akamuulize.

Mwaka 1979 familia ilihamia hapa Mamelodi. Marehemu alisoma hapa hapa shule ya msingi na ya sekondari, akamaliza darasa la kumi na mbili mwaka 1992. Alipokuwa darasa la sita alifungua kipaza sauti cha shule aone kilicho ndani, akala viboko, kisha mwalimu mkuu yule yule akamwita akifunge, maana hakuna mwingine aliyejua. Akasomea ufundi wa redio na televisheni, na kuanzia tarehe 1 Februari 1995 hadi ugonjwa ulipomshika alifanya kazi katika duka la matengenezo mjini Pretoria.

Lakini ninyi mliojaa hapa hamkuja kwa ajili ya televisheni. Mmekuja kwa ajili ya Jumapili zile za mchana bustanini kando ya mto, viti vya kukunja, nyama jikoni, na Ngwako amesimama nyuma ya santuri zake mbili bila kutabasamu. Kati ya santuri hizo ndipo inapokaa mashine ya kuchanganyia muziki, miksa. Ziko za aina mbili, na kwa sababu ya aina hizo mbili nyumba yetu haikuwahi kuwa na amani.

Ngwako alikuwa na miksa ya vifundo vya kuzungusha, nzito kama mtoto wa miaka miwili, aliyopewa mwaka 1999 ukumbi mmoja wa dansi ulipofungwa. Phuti alikuwa na miksa ya vitelezi, zile za kusukuma juu na chini. Meza ilikuwa moja.

"Hiyo yako ni ya wazee," Phuti alikuwa akimwambia. "Unakoroga ugali au unapiga muziki? Wimbo mpaka uingie, watu wameshafika Polokwane!"

"Na wewe unapiga pasi," Ngwako alimjibu. "Juu chini, juu chini. Vumbi likiingia kwenye mifereji hiyo utakuja kunililia. Tena mkono wa shati tu ukikigusa, kitelezi kimehama. Kifundo hukaa pale mkono ulipokiacha."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema mara nyingi, na alikuja kuyajutia.

Jumapili tarehe 21 Septemba 2003 ilikuwa zamu ya vitelezi. Upepo ulivuma, vumbi likaingia, na saa tisa mchana muziki ukaanza kukwaruza na kukatika mbele ya watu. Ngwako alimgeukia mdogo wake akasema kwa sauti, "Si nilikwambia? Haya, nenda nyumbani ukalete mashine ya watu wazima!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Phuti akaenda.

Nyumbani aliiunganisha kwanza miksa ya vifundo aijaribu. Mama alikuwa jikoni akausikia wimbo. Phuti alizungusha kifundo cha tatu mpaka kwenye namba saba, akasema, "Mama, hii kitu inalia vizuri, lakini usimwambie," kisha akatoka mbio kuazima gari la jirani la kuibebea. Alipovuka barabara ya Tsamaya aligongwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Tulipofika nyumbani na habari hiyo, santuri ilikuwa bado inazunguka mwishoni, inakwaruza, na kifundo cha tatu kiko kwenye saba.

Ngwako alifunika mashine kwa shuka. Kwa mwaka mmoja na nusu hakupiga muziki, wala hakuruhusu mtu akiguse kile kifundo. Jioni alikuwa akiinua shuka, anaangalia saba, anafunika tena. Mama aliendelea kumpakulia Phuti sahani yake kila Jumapili, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Hiyo ndiyo nyumba tuliyoishi, ndugu zangu.

Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 24 Machi 2005, Ngwako alirudi kazini, akainua shuka, akapiga ukelele. Kifundo kilikuwa kwenye nne.

"Dada! Wewe ndiye ulikuwa nyumbani. Nani amekigusa?"

Nikamwambia hakuna.

"Hakuna aliyeingia?"

"Hakuna, Ngwako."

Akakaa chini, akashika kichwa. "Basi ni Phuti," akasema. "Amepita. Anataka tupige." Jumapili ya wiki iliyofuata akarudi bustanini, na mnajua wenyewe ilivyokuwa. Aliacha nafasi ya mtu mmoja upande wake wa kulia. Ukisimama hapo alikuwa anakwambia bila kukuangalia, "Mpishe mdogo wangu." Alitumia kifundo cha kwanza na cha pili tu. Wako watu hapa walioapa kwamba nyimbo mbili zilipopishana waliisikia ya tatu chini yake, ambayo haikuwa kwenye santuri yoyote. Mimi nilikuwa naondoka pale kwenda kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Tarehe 8 Desemba 2007 marehemu alimwoa Dineo Sekgobela. Wajomba wa Dineo walimsubirisha nje ya geti saa tatu nzima, kama desturi, naye akawatengenezea redio ya gari wakati anasubiri. Mungu aliwajalia watoto wawili, Phuti na Tlou. Phuti ni msichana. Jina halikungoja mvulana. Usiku wa kuamkia harusi Ngwako alinifuata nikikunja vitambaa. "Dada, siku ile ya Pasaka. Una hakika hakuna aliyegusa?" Nikasema nina hakika. Akasema, "Sawa, dada," akanibusu kichwani.

Mwezi Januari 2022 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, wala hakulalamika, ila kuhusu redio ya wodini. Kipupwe hiki, siku alizokuwa na nguvu, alikaa juani na brashi ndogo akisafisha ile miksa ya vitelezi ya Phuti, mfereji mmoja mmoja. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini. Jumapili kabla ya hapo nilikuwa kitandani pake. Akaniuliza kwa mara ya tatu, kwa sauti ndogo, "Dada, nani alikigusa?" Nilifungua mdomo. Muuguzi akaingia na dawa, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba ameingia. Nikasema, "Pumzika, tutaongea kesho." Kesho yake hakuweza tena kuongea.

Programu mliyoshika mkononi inaishia hapo, na baada ya hapo kuna majina. Haya yafuatayo sikuyapeleka kwa mchapaji.

Mnanijua. Mnanitania kwamba jana mochwari nilitaka kufuta kioo cha jeneza, na ni kweli nilitaka. Siku ile ya kuamkia Ijumaa Kuu nilikuwa napangusa nyumba kwa ajili ya sikukuu. Niliinua shuka nikapitisha kitambaa changu cha buluu juu ya mashine, haraka, kushoto kwenda kulia. Sikuona kitu. Nilikuja kujua nilipouona uso wake. Na aliposema ni Phuti, uso ule ulikuwa umepona. Ningemwambiaje? Nikanyamaza siku moja, na siku moja ikawa miaka kumi na tisa.

Jumatano wiki hii nilimwambia Dineo, nikilia. Dineo hakushangaa. Alikwenda chumbani akarudi na kiberiti kitupu, akakifungua. Ndani yake kulikuwa na uzi wa buluu.

"Aliuchomoa chini ya kifundo mwaka tuliooana, kabla ya harusi, alipokivua akisafishe," Dineo akasema. "Alilia siku ile, wifi. Nilidhani atakuja kukugombeza. Akasema, 'Marehemu hafuti vumbi. Mwache dada, atasema mwenyewe.'"

Kwa hiyo aliponiuliza usiku wa harusi alikuwa anajua. Aliponiuliza hospitalini alikuwa anajua. Alikuwa ananifungulia mlango nipite, na mara zote mbili nikamfungia usoni. Na ile nafasi upande wake wa kulia aliendelea kuiacha, hata baada ya kujua kwamba Phuti hakuja. Hilo ndilo lisilonipa usingizi.

Tukitoka hapa tutanawa mikono getini, tutakula ugali na matumbo, kisha baada ya machozi kutakuwa na muziki, kama kawaida yetu. Marehemu aliagiza utapigwa kwa mashine ya vitelezi. Alimwambia Dineo, "Nimeshaitoa vumbi. Safari hii Phuti ashinde." Ile ya vifundo itakaa pembeni bila shuka, na kifundo cha tatu kiko kwenye nne. Nawaomba msisimame upande wa kulia.

Marehemu ameacha mjane, Dineo; watoto wawili, Phuti na Tlou; dada mmoja, Mokgadi; na ninyi wote wa Jumapili. Alale salama, na mikono yake ipumzike.

Ngwako, mdogo wangu, uliuliza nani alikigusa.

Ni mimi.