Laini, Fundi wa Msasa, na Mkono Uliobaki Kiwandani

Ndugu, jamaa na majirani, mliopata viti na mliosimama, leo tunamsindikiza mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Laini. Habari zake zimetolewa na mama yake mzazi, na mjukuu aliyeziandika alikatazwa kupunguza chumvi.

Marehemu alizaliwa Jumatano asubuhi, tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya watano. Alitoka amefumba ngumi ya kulia, na ilipofunguliwa, mama yake anaapa, ndani mlikuwa na unga wa mbao. Mkunga alishafariki, kwa hiyo hakuna wa kubisha.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani kuanzia 1974 hadi 1980. Hesabu zilimpiga chenga. Siku moja mwalimu mkuu alimkuta anasugua dawati kwa kigae wakati wenzake wanaandika.

“Wewe, umekuja kusoma au kusugua?”

“Mwalimu, lina vibanzi. Linamchoma mwenzangu mapajani.”

Mwalimu mkuu alipapasa lile dawati, akaondoka. Wiki iliyofuata alimletea meza yake mwenyewe. Baada ya shule, marehemu alijifunza useremala kwa mjomba wake, na mwaka 1985 akaajiriwa katika kiwanda cha samani kilichokuwa nyuma ya maghala ya saruji, upande wa msasa. Meza alizomaliza ziliteleza hata inzi walishindwa kutua. Mmoja alivunjika mguu, na mama mzazi alimwona kwa macho yake akichechemea dirishani.

Hukohuko kiwandani alikutana na mshona mito ya viti, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1991. Bibi harusi alipomshika mkono alishtuka. “Unalainisha vya watu, kiganja chako mwenyewe kama paa la bati!” Bwana harusi akamjibu, “Ulaini wote nimewaachia wateja. Wewe nimekuletea mwenyewe.” Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Kisha mashine zikaanza kuingia kiwandani, moja moja, kama wageni wanaokuja na mizigo ya kukaa. Ilipokuja ya kukata mbao kwa kuongozwa na kompyuta, wapiga msumeno waliondoka. Ilipokuja ya kubandika kingo, wabandikaji waliondoka. Jengo likajaa milio, likaisha vicheko. Laini alibaki, kwa sababu migongo ya viti ilikuwa na mikunjo ambayo hakuna mashine iliyoielewa. Ndipo mwaka 2019 ulipoletwa mkono wa chuma, wenye bega, kiwiko na kiganja cha kushikia msasa. Wataalamu walimfunga marehemu nyaya kuanzia begani hadi vidoleni ili mkono ule ujifunze kwake.

“Fanya kama siku zote, mzee wetu,” walimwambia. “Usibadilishe kitu.”

Hakubadilisha. Jioni alirudi nyumbani akicheka. “Mama, leo nimepewa mwanafunzi asiyeomba ruhusa ya kwenda chooni!” Mama yake hakucheka sana. Alimuuliza, “Na akishajua yote, mwalimu anakwenda wapi?” Marehemu aliomba chai.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kukohoa. Vumbi la mbao lilikuwa limekaa kifuani mwake miaka mingi. Mwaka 2021 aliacha kazi, akawa mtu wa dirishani na wa hospitali. Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024, mkewe akiwa amemshika mkono uleule wa kulia.

Kesho yake alikuja kutoa pole fundi wa kupaka vanishi, rafiki yake wa kiwandani. Alisogeza kando kikombe cha chai.

“Mama,” alisema, “sijui niseme vipi. Ule mkono unakohoa.”

“Baba, una njaa wewe. Chuma kitapata wapi kifua?”

“Njoo uone mwenyewe.”

Mama mzazi alisema mwanawe hazikwi mpaka aone. Jumatano mchana alikwenda na mjane. Walikuta mkono ule peke yake kwenye chumba kirefu, ukisugua mgongo wa kiti, umeinama kama Laini alivyoinama. Ghafla ukainuka. Ukasogea pembeni, ukatikisika, ukatulia, ukatikisika tena. Halafu ukarudi kwenye mti na kupapasa palepale ulipoachia, taratibu, kama unaomba radhi. Mjane alijiziba mdomo kwa upande wa kanga.

“Hapo tulidhani ni ufundi wake,” alisema msimamizi wa kiwanda aliyewapeleka. “Tukauacha kama ulivyo.”

“Ufundi!” alisema mama. “Mwanangu alikuwa anaumwa mbele yenu, mkaunakili ugonjwa wake. Ndiyo maana tangu Jumatatu nakisikia kifua chake nyumbani, na nyumbani hayupo. Toeni hicho kikohozi.”

“Mama, hakitoki peke yake. Mwendo ni mmoja. Ama ubaki wote, ama tufute wote na tutafute mtu mwingine wa kuufundisha.”

“Basi futeni wote. Simziki nusu, nusu nyingine nimeiacha kwenu inakohoa.”

Mjane akamshika bega. “Mama mkwe, wakifuta, hatutamwona tena akifanya kazi. Hata kidogo.”

Hapo mama mzazi alimwacha msimamizi, akageuka. Alisimama akiutazama mkono. Ulikohoa tena, ukarudi. Alifika karibu, akaambiwa ni hatari, akafika karibu zaidi.

“Acheni amalize hiki,” alisema.

Walisimama wote mpaka kiti kikaisha. Mama akauambia ule mkono, kwa sauti ya kumwambia mtoto aliyechelewa kulala, “Inatosha, baba. Umefanya kazi.” Msimamizi akafuta. Mkono ukashuka, ukaning’inia, ukawa chuma tu.

Kiti kile hakikupakwa vanishi. Ndicho alichokalia mama mzazi hapa mbele. Mgongoni, upande wa kulia, pana mahali palaini kuliko pengine pote, pale mkono ulipokuwa ukirudi baada ya kila kikohozi. Mkimwona amepeleka kiganja nyuma, msimuulize anatafuta nini.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, mabinti wawili na mwana mmoja, wajukuu wanne, kaka wawili na dada mmoja, wakwe, mashemeji, na mafundi wenzake, walio kazini na walioondolewa. Tangu jana, nyumbani kumekuwa kimya. Kifua chake kimetulia kote alikokuwa. Apumzike sasa, mzima mzima, kwa amani.