Kipimo Shingoni

Fundi cherehani hakukusudia kusikiliza, ila kiti chake basini kilikuwa nyuma ya binti na mzee waliokuwa wakizungumza. Binti alikuwa amepanda na kipimo cha kusikilizia moyo shingoni, amesahau kukivua.

"Hata mimi nilikuwa nakisahau, mpaka nikastaafu udaktari," mzee aliyeketi kando yake alimwambia.

"Shikamoo, daktari. Mimi sitakisahau tena. Leo mgonjwa amenifia mikononi. Naacha kazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Wenzangu wataniona dhaifu."

"Sisi, siku kama hiyo, tulikuwa tunajifungia na birika la chai. Kila mmoja anasema kilichomkaa kooni. Kutoa ushauri, marufuku."

"Madaktari mkatazwe kutoa ushauri!"

"Ilikuwa kazi kweli kweli."

"Lakini chai haifufui mtu, mzee."

"Haifufui. Ila kesho yake nilirudi kazini."

Fundi akamwombea binti kimoyomoyo, macho dirishani kama asiyesikia kitu. Basi liliposimama, binti alishuka, kisha akageuka mlangoni.

"Nani alikuwa anaanza kusema?"

"Aliyechemsha chai."

Basi likaondoka. Fundi alimwona binti barabarani akikivua kile kipimo, akakikunja taratibu na kukiweka mkobani, kama kitu atakachokihitaji kesho.