Bangili ya Nyuzi Tatu

Kaeni, wanangu, mnisikilize, ila si hapo kitandani maana mtanibana miguu. Na wewe mkubwa irudishe hiyo kalamu mfukoni, tangu umeingia humu chumbani unaizungusha vidoleni kama karani aliyecheleweshewa chakula. Najua mmeniletea nini. Ni barua ya kamati ya maonyesho, mmeiandika tangu juzi mkiwa jikoni mkidhani nimelala, mnataka niweke sahihi yangu ili binti wa Shoto asipewe meza mwaka huu, kwa sababu amepeleka bangili ya nyuzi tatu za waya na kudai ni kazi ya mama yake. Siweki sahihi. Msiangaliane hivyo, akili zangu ni timamu, kilichopungua ni pumzi tu, na pumzi yenyewe siimalizi kwa kubishana nanyi. Nitasema mara moja, na atakayenikatiza atatoka akakae nje na viatu.

Miaka thelathini na moja tumeuza bangili ile kwenye meza ya langoni, pale watu wanapoingia wakiwa bado hawajachoka wala hawajaishiwa, na wakiiona wanasimama, wanaigeuza geuza wakitafuta mwisho wa nyuzi zake na hawauoni, kisha wananunua. Bati lililo juu ya vichwa vyenu ni la bangili ile. Mmesomeshwa nayo, mmeolewa na kuoa nayo, na hata jeuri yenu, ambayo sijui mliitoa wapi kama si kwangu, imelelewa nayo.

Sasa nawauliza kitu ambacho mngepaswa kuniuliza zamani, kama mngekuwa na udadisi hata wa paka. Mkubwa, hicho kifundo cha mkono ulichokifunga bandeji kinakuuma kwa nini? Unatumia mkono wa kulia. Dada yako wa kulia, kitindamimba wa kulia, na mimi niliyewazaa wa kulia. Basi kwa nini nyumba nzima tunasokota waya kuelekea kushoto, tukiuvunja mkono kinyume na unavyotaka wenyewe, hadi ikifika jioni hatuwezi kushika kikombe? Niliwaambia ndiyo mtindo wetu, mkaridhika. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema, mama, mtindo gani huu unaomtesa mwenyewe.

Ni kwa sababu si wetu. Tunasokota kushoto kwa kuwa aliyeibuni bangili ile alikuwa wa mkono wa kushoto, na mimi nilipoiiga niliogopa kubadilisha hata kitu kimoja nisije nikaiharibu. Mnamjua kwa jina tulilompa uwanjani kwa ajili ya mkono wake huo huo. Ndiyo, Shoto. Huyo mliyemwita mwizi tangu mkiwa hamjamaliza kuota meno ya pili.

Funga mdomo, mkubwa. Nimesema nini kuhusu viatu?

Meza yangu na ya Shoto zilikuwa zinapakana, tena zikigusana, maana enzi hizo turubai lilikuwa moja kwa watu wawili. Na mnajua desturi ya pale: ukitaka kwenda msalani, au kutafuta chenji, unamwambia jirani, niangalizie, basi, huhitaji kusema zaidi. Siku moja mwanawe alishikwa na homa, huyu huyu binti mnayetaka kumnyima meza, akambeba mbio kwenda zahanati, akaniachia kila kitu. Alikawia saa tatu. Nikachukua bangili moja, nikaipeleka chini ya kitambaa cha meza, nikaifungua uzi kwa uzi nikihesabu mizunguko, nikachora nyuma ya karatasi ya kufungia hereni, kisha nikaifunga tena vibaya. Aliporudi aliiona imelegea, akadhani ni wateja wenye vidole vizito. Akanimenyea chungwa kwa kunishukuru. Nililila lote.

Mtauliza kwa nini. Msitafute sababu ya maana. Wiki moja kabla ya siku hiyo, mbele ya wanunuzi wangu, aliinua pete niliyoiunga siku mbili akasema maungio yake yamekaa kama mate ya konokono. Watu wakacheka. Mnunuzi aliyekuwa ameshaitia kidoleni akaivua. Shoto ana mdomo mchafu, alikuwa nao na bado anao, na alichokisema kuhusu pete ile kilikuwa kweli, ndiyo maana sijamsamehe mpaka leo.

Mwaka uliofuata tukaonekana tuna bangili ya aina moja kwenye meza mbili, na sheria ya kamati mnaijua, kazi ni ya mkono wako au unaondoka. Wakatuita sote wawili. Mimi nilimjua Shoto, nilijua hasira zake ziko karibu sana na mkono wake. Sikuhitaji kuthibitisha chochote. Nilikaa pembeni ya mwenyekiti, nikalia kidogo, nikasema taratibu kwamba namwonea huruma, ana mtoto mgonjwagonjwa, huenda shida ndiyo iliyomsukuma kuiga. Nilisema hivyo nikimtazama. Akasimama, akavua bangili mkononi akamtupia mwenyekiti usoni, ikamchana juu ya jicho. Hawakumsikiliza tena. Alitolewa na walinzi wawili, na sanduku lake likafuata likirushwa.

Hakuna aliyewahi kuuliza ni nani kati yetu anayetumia mkono wa kushoto. Wasanii wazima, mafundi, wameketi kwenye meza ndefu na bangili zote mbili ziko mbele yao, na hakuna aliyetazama msokoto. Niliwadharau tangu siku hiyo, na hata nyinyi nawadharau kidogo kwa sababu hiyo hiyo.

Tangu hapo amekuwa akitandika plastiki yake nje ya uzio, upande wa taka, anauza kwa wanaotoka wakiwa wamemaliza pesa. Kila mwaka tulimpita na mikokoteni yetu, nami niliwafundisha kugeuza nyuso. Nataka kusema niliwaacha tu mkajifunza wenyewe, lakini sivyo, niliwafundisha, na wewe wa kati ulipomtemea mate karibu na miguu yake, ukiwa na miaka saba, nilikununulia puto.

Unalia nini sasa? Lia baadaye.

Simpendi Shoto. Msije mkatoka hapa mkasema mama alilainika mwishoni. Nikipona kesho, sitakaa naye meza moja. Ila nimechoka kulala na kitu chake, na nyinyi mmefika mahali mnataka kumfanyia binti yake kile kile nilichomfanyia yeye, tena mnakifanya kwa moyo mweupe mkiamini ni haki, na hilo limenishinda kulimeza. Mimi nilipoiba nilijua naiba.

Basi sikilizeni ninavyotaka. Nyumba ni yenu nyote watatu, na hakuna kuuza chumba hata kimoja bila watatu kukubaliana. Koleo zangu zote ni za wa kati, mkono wake umetulia ingawa mdomo haupumziki. Mkubwa, chukua nyundo na fuawe, na Alhamisi kamati ikikaa, wewe ndiye utakayesimama, si dada yako, si mdogo wako, wewe uliyeandika barua. Utasema yote haya, utaonyesha msokoto, na utarudisha meza ya langoni. Wakiwafukuza, mtafukuzika. Bangili ya nyuzi tatu isionekane tena kwenye meza yetu. Mtaniambia mtakula nini. Mkubwa, una miaka arobaini na hujawahi kubuni hata kishikizo, sasa utaanza.

Na wewe kitindamimba. Hereni zako za vioo vya chupa, zile nilizokuwa nikizisukuma chini ya meza wateja wakija, zitoe zikae juu. Mbaya, nakwambia wazi, pembe zake zinakwaruza. Lakini nilikuwa nikizificha kwa kuwa nilikuwa naona wivu. Ni kitu pekee kwenye meza ile kilichotoka kwenye kichwa cha mtu wa nyumba hii.

Nipeni maji. Kidogo. Basi, basi.

Baraka mnataka, najua, kila mtu aliyekaa kando ya kitanda anataka baraka. Haya. Mikono yenu ipone. Isokote kule inakotaka yenyewe. Mpate wateja wanaotazama vizuri. Watoto wenu wawaulize maswali... mengi, yawachoshe. Na mkipendana, mpendane bila kunitaja mimi. Nimemaliza hiyo.

Subirini. Msiinuke.

Mmesikia? Hodi. Huyo si muuguzi. Muuguzi nilimtuma mimi, asubuhi, apitie kwa Shoto, amwambie... amwambie namwita, asiseme kwa nini. Sikujua kama angekuja. Nilitaka nimwambie mwenyewe, ndiyo maana nimewaambia nyinyi kwanza, nijizoeze, lakini mmenimalizia sauti.

Mkubwa. Sogea karibu, siwezi kupaza.

Nenda umfungulie. Msimame wote. Atakuja na mdomo wake ule, atatukana, mwacheni atukane. Mkaribishe, mkalishe hapa nimwone. Nikishindwa kusema, utasema wewe. Usizunguke. Usianze na ugonjwa wangu, wala kwamba nimezeeka. Anza hivi... anza hivi, mwanangu: mama yetu alikuibia.