Nilikwenda na Moyo, Nikaulizwa Mkojo

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, asifiwe tena, kwa sababu mimi si wa kusimama hapa leo.

Mnanijua, Mama Nekesa, fundi wa sare za shule kule Mbotela. Mwaka juzi nilisimama papa hapa nikatangaza kwamba Mungu ameniponya presha. Mkapiga vigelegele! Nikatupa vidonge. Kupimwa sikupimwa.

Mwili ukaanza kubadilika. Miguu ikavimba hadi viatu vikakataa. Nikasema ni cherehani ya kukanyaga. Asubuhi uso umejaa, na majirani wananiambia, "Mama Nekesa, umenawiri!" Nami nacheka! Kumbe ni maji, ndugu zangu. Maji!

Siku moja nikiwa nampima mteja kiuno, pumzi ikakatika. Moyo ukapiga kama unataka kutoka. Nikaanguka juu ya vitambaa. Mume wangu, Baba Nekesa, akaja mbio akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, mpole. Akaniuliza, "Mama, mkojo wako una povu?"

Nilishtuka. "Daktari, mimi nimekuja na moyo. Mkojo umeingiaje hapa?"

"Una povu au hauna?"

Ulikuwa nalo. Miezi mingi! Nilidhani ni sabuni ya kuoshea choo.

Walipopima damu na mkojo, akaketi karibu nami. "Mama, figo zako zimeumia. Zikishindwa kutoa maji na chumvi, vinabaki mwilini, presha inapanda, na moyo unasukuma mzigo usio wake mpaka unachoka. Presha nayo inarudi kuziumiza figo. Dawa za presha unameza?"

 Nikasema, "Niliacha. Niliombewa."

Baba Nekesa aligeuka akanitazama. Hakujua kwamba nilitupa vidonge! "Mama Nekesa," akasema polepole, "siku ile nililia machozi ya shukrani kanisani. Nilikuwa nashukuru nini?"

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma kuliko kifua. Niliogopa kufa, lakini zaidi niliona aibu. Mungu hakuniambia nitupe dawa. Ni mimi nilizichoka, nikamsingizia Yeye!

Nililazwa. Nikapewa dawa ya kutoa maji, nikakojoa siku tatu mfululizo, na pumzi ikarudi. Haleluya! Daktari alinikataza pia vidonge vya maumivu nilivyokuwa nikimeza kila siku kwa ajili ya mgongo, maana navyo vilikuwa vikizitesa figo. Chumvi nimepunguza. Kliniki siachi.

Sitawadanganya mara ya pili. Figo zangu hazijarudi kama za zamani, na daktari amesema huenda zisirudi. Lakini moyo umetulia, na hata ngazi za nyumba tunayoishi kule Mowlem napanda bila kusimama. Nilipomweleza mchungaji yote, nilidhani atataka nifiche. Akasema, "Simama uwaambie hivyo hivyo."

Namshukuru Mungu aliyenifunulia kilichofichika ndani yangu kabla sijazikwa nacho. Mtumainini, wapendwa! Ombeni, mkapimwe, mmeze dawa zenu mkimsifu. Tukimaliza ibada nitaketi pale kwenye benchi la nyuma. Kama nawe uliacha dawa kimyakimya, njoo uniambie. Sitakushangaa, na kesho asubuhi tutakwenda kliniki pamoja.