Bi Nega na Mtakatifu Aliyewaka Mlimani

Baada ya miaka thelathini na minane ya kuinamia boneti, Bi Negosava Prvulović, fundi umeme wa karakana ya manispaa yetu, anastaafu tarehe 19 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa wasafiri. Ndiyo siku ambayo karakana nayo hukata mkate wake wa sikukuu, kwa hiyo tutalia na kula kwa mkupuo mmoja.

Kwetu sote ni Bi Nega. Alikuja hapa akitoka chuo cha ufundi, na mafundi wa wakati ule wakampa kazi ya kupika kahawa. Akaipika vibaya kwa makusudi mpaka wenyewe wakampeleka kwenye magari. Tangu hapo hakuna basi, gari la taka wala trekta la theluji la mji huu ambalo hajagusa nyaya zake. Hakuwahi kuruhusu milango miwili ya karakana ifunguliwe kwa pamoja, hata Julai, kwa kuwa anaamini upepo unaopita kati ya milango miwili umeua watu wengi kuliko breki mbovu. Tumetokwa na jasho la kutosha, lakini shingo zetu ni nzima.

Ukimpelekea gari lisilochaji, haulizi limeharibika nini. Anauliza umeshabadilisha nini. Watu wa kubadilisha vifaa kwa kubahatisha humkera kuliko hata upepo.

Mtu wa namna hiyo ni Milutin, dereva wetu mpendwa. Gari lake jekundu, kuukuu kuliko baadhi yetu, ndilo linalowashusha wagonjwa wa figo kutoka vijiji vya mlimani kwenda kusafishwa damu katika hospitali ya jijini. Majira ya baridi fulani likaanza kuzimika njiani. Milutin akabadilisha betri. Likazimika. Akabadilisha altaneta, kile kifaa kinachozalisha umeme wa kuchaji betri. Likazimika tena, na mkuu wa usafiri akasema likirudia, linakwenda kwenye vyuma chakavu.

Kati ya wagonjwa hao, mwenye kuumia zaidi angekuwa Bibi Stojna wa kijiji cha juu kabisa. Bila gari lile angelazimika kupanga chumba jijini na kuacha nyumba, kuku na kaburi la mumewe. Alishaapa hahami ng'o.

Ila wasiwasi hakuwa nao. Kwenye dashibodi Milutin alikuwa amebandika picha ya Mtakatifu Nikola, kama madereva wetu wote, na kwa wiki kadhaa mtakatifu alikuwa anawaka. Asubuhi zenye giza uso wake ulitoa wekundu hafifu, na gari lilipopanda mlima wekundu ulizidi. Wagonjwa wakawa wanafanya ishara ya msalaba kwenye kila kona. Milutin mwenyewe akaacha kutukana barabarani, jambo ambalo sisi tulilihesabu kuwa muujiza wa pili.

Bi Nega aliposikia habari hizo hakucheka. Aliwasha injini, taa na hita, akakagua mkanda, kisha akatoa mita yake. Kwenye altaneta alipata volti kumi na nne. Kwenye betri, kumi na mbili kwa tabu.

"Umeme nyumbani unatoka, kazini haufiki," akasema. "Kama Milutin."

Akaufuata kwa vidole waya mnene uendao kwenye betri, mpaka akakuta kiungo ambacho nje kilikuwa kizima na ndani kimeliwa na kutu ya kijani. Akakikata, akaweka kipya, akapima tena: sasa pande zote zilikuwa sawa. Kisha akambandua Nikola. Nyuma yake kulikuwa na ile taa nyekundu ya chaji, ambayo huwaka pale volti za altaneta na za betri zinapoachana. Mlimani hita na taa zilivuta umeme mwingi, zikaachana zaidi, na mtakatifu akang'aa zaidi.

"Milutin, mwanangu," akasema, "umemfunika shahidi kwa mtakatifu."

Kesho yake Milutin akamrudisha Nikola mahali pake, na gari likapanda mlima bila kukohoa. Bibi Stojna akafungua mlango wa gari, akamtazama Nikola, akaufunga.

"Gari lenye mtakatifu aliyezimika mimi sipandi."

"Bibi, ndiyo limepona sasa, Bi Nega amelitengeneza," Milutin akambembeleza.

"Limepona wapi, na taa imezimwa? Mwambie huyo Nega wako amrudishie mwanga wake."

Hapo hatukucheka tena. Bibi akikosa matibabu, siku mbili tatu zinatosha kumzika. Milutin akapiga simu, na Bi Nega akapanda mlima na gari la taka, ndilo pekee lililokuwa tayari. Pale pale langoni, kwenye theluji, akamhamishia Nikola pembeni, akamwekea taa ndogo ya kwake mwenyewe, na waya wake. Ile taa nyekundu akaiacha wazi, na chini yake akabandika karatasi: *Ikiwaka hii, mwite Nega.*

"Mama, Nikola kazi yake kukulinda," akamwambia. "Hii nyekundu kazi yake kuniita mimi. Tumegawana."

Bibi Stojna akauliza: "Na wewe ukiondoka?"

"Sijaondoka. Panda, baridi inaingia."

Akapanda. Anapanda mpaka leo, na bado anaishi kwake.

Wiki iliyopita tulimwambia Milutin aibandue ile karatasi, maana fundi mpya, Bwana Vukoman, anaanza Januari. Jibu lilitoka kwa Bibi Stojna, kiti cha nyuma: "Ibandueni, nami nashuka."

Karatasi imebaki.

Bi Nega, tunakushukuru kwa kila gari lililowaka asubuhi na kwa kila mtu aliyefika. Tutakukosa sana, hilo tunalisema waziwazi. Tunakuombea siku ndefu, kahawa iliyopikwa na mwingine, na nyumba yenye mlango mmoja. Simu tu, tafadhali, usiizime.