Wasifu wa Lowell Haverkamp, Aliyeongea Sinema za Watu Zikiendelea

Mliokuja kumzika Lowell, asanteni kwa kufika. Wifi yangu Paulette aliniomba mimi, Doreen, dada wa marehemu, niandike wasifu huu, kwa sababu hakuna aliye hai aliyemjua kwa muda mrefu kuliko mimi. Akaniomba pia niseme mema tu. Ombi la kwanza nimelikubali.

Marehemu Lowell Dirk Haverkamp alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Burbank, California. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Gerrit Haverkamp, seremala aliyejenga nyumba za uongo za kuchezea sinema, na marehemu Arlene. Mimi nilifuata miaka miwili baadaye, na tangu hapo sikuwahi kutazama sinema nikaimaliza kwa raha. Jumamosi tuliketi wote mbele ya runinga. Bibi harusi anakata roho, sisi tunafuta machozi, na Lowell, mtoto wa miaka tisa, anatutangazia, "Ule mlango nyuma yake ni wa baba. Umepakwa rangi mara mbili, ya kwanza ilikuwa ya kijani." Baba alitabasamu, mama akacheka mpaka akashika ubavu. Lilikuwa kosa la malezi, nalisema kwa heshima zote.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapahapa Burbank, akahitimu Juni 1969 akiwa na alama za wastani na maneno kuzidi wastani. Akajiunga na chuo cha jiji, Los Angeles, kusomea historia. Mwaka wa pili aliacha, baada ya kubishana na mwalimu juu ya sinema ambayo mwalimu alikuwapo ikitengenezwa. Lowell alidai chuo kilimwonea. Chuo hakikusema kitu, kilikuwa na wanafunzi wengine wa kufundisha.

Tarehe 3 Septemba 1973 alianza kazi katika ghala la filamu kule Hollywood, akikagua mikwaruzo kwenye mikanda akiwa amevaa glavu nyeupe. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Mwaka 1985 akahamia kampuni ndogo ya Culver City iliyotoa sinema za zamani kwenye diski za kutazamia nyumbani, zile kubwa zenye upana wa sinia, ambazo ukifika katikati ya hadithi unainuka kuzigeuza.

Hapa niondoe uongo unaozunguka humu kanisani tangu asubuhi. Lowell hakubuni jambo hili la kuongea juu ya sinema. Mwaka 1984, katika kampuni nyingine karibu na bahari, alishatangulia mtu mwingine. Jambo lenyewe lilizaliwa kwa sababu ya nafasi iliyobaki. Diski zile zilikuwa na njia mbili za sauti, na sinema za zamani zilihitaji moja. Ya pili ilikaa bure. Watu wenye akili timamu wangeiacha hivyo hivyo. Wao wakamtia mtu humo aongee tangu mwanzo hadi mwisho, na mnunuzi, kwa hiari yake, akawa anabonyeza kitufe ili asikie sinema kidogo na mtu sana.

Kazi ya Lowell ilikuwa kuwaalika wasomi waje kuongea. Tarehe 11 Aprili 1986 profesa aliyealikwa aliamka sauti imemkauka. Lowell akaketi mwenyewe mbele ya maikrofoni, eti kwa siku hiyo tu, akaongea dakika mia moja na mbili bila kunywa maji. Fundi wa sauti alimwuliza kama amemaliza. "Sinema ndiyo imemaliza," Lowell akamjibu. Diski ikatoka, ikanunuliwa, akafanya nyingine thelathini.

Kisha diski zikawa ndogo, na maradhi haya ya kuongea yakaenea mji mzima. Kila mwigizaji aliyepita karibu na mlango alivutwa ndani aongee. Mmewasikia: wanacheka wenyewe, wanaulizana siku ile nani alileta keki, wanatuambia kulikuwa na baridi. Waongozaji nao wakaja kuusifu ukarimu wa matajiri waliowalipa. Namkubalia marehemu jambo moja, hao aliwadharau kunizidi mimi. Yeye alijiandaa wiki sita kwa kila sinema. Gari likipita nyuma ya dirisha alijua ni la nani na lilikuwa linakwenda wapi. Kwamba hakuna aliyeuliza halikumsumbua hata kidogo. Alipunguzwa kazi mwaka 2004.

Jana wakati wa kuaga mwili walikuja watu kumi na saba nisiowajua, wote wanaume, wote na mashati ya mikono mifupi. Mmoja ni Bwana Curtis Yoakley, fundi wa mabomba aliyeendesha gari kutoka Bakersfield. Alilia mpaka ikabidi nimpe leso yangu.

"Mlifahamiana wapi?" nilimwuliza.

"Hatukufahamiana, dada. Ila nimekaa naye sebuleni kila Jumapili, mwaka wa ishirini na tano huu."

"Huna watu nyumbani?"

"Ninao, tena wengi. Lakini sinema ikianza wanalala wote. Yeye hakulala."

Nimeifikiria kauli hiyo tangu jana na bado naona ni ya mtu anayehitaji mbwa wa kumliwaza. Leso hajarudisha.

Marehemu alifunga ndoa na Paulette Grijalva, fundi cherehani wa mavazi ya sinema, tarehe 16 Juni 1979. Walijaliwa mtoto mmoja, Corinne. Filamu ya harusi ilipoonyeshwa kwa wageni, bwana harusi alisimama kando ya pazia akawaonyesha kivuli cha mpiga picha kwenye kanzu ya padri. Paulette alimtazama kwa mapenzi. Miaka arobaini alimtazama vilevile, na mimi wifi yake sijui alikuwa anaona nini.

Sasa nafika mahali ambapo Paulette aliniomba nipite haraka. Sitapita haraka.

Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 1988, tarehe 24 Novemba, nilimrekodi mama kwa kamera ya video niliyoazima kazini. Dakika arobaini. Anakata bata mzinga, anamsema baba, anaimba. Mama alifariki tarehe 2 Februari 1991. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote, maana simu ikipokelewa na mashine ya kurekodi ujumbe mama alikuwa anaikata. Mwaka 1996 Lowell aliniomba ile kanda, ambayo sikuwahi kuitazama, kwanza kwa kukosa nafasi na baada ya msiba kwa kukosa moyo, nami nikampa. Siku ya Krismasi akaja nayo kwangu Glendale, ameifunga utepe mwekundu.

"Nimeiwekea maelezo," alisema. "Zawadi yako."

"Maelezo ya nini? Mama naye anahitaji maelezo?"

"Dada, acha ubishi. Weka kwanza."

Niliweka. Mama akafungua mdomo, ikatoka sauti ya Lowell: "Angalieni mwanga wa dirishani, hapa ni kama saa nane mchana."

"Mama yuko wapi?" nikamwuliza.

"Yupo, yuko njia ya pili. Bonyeza kitufe."

"Kitufe kipi? Lowell, kitufe kipi?"

Alinipokonya rimoti akabonyeza vyote. Akapiga magoti mbele ya deki, akabonyeza na vya pale. Miaka kumi na moja ya diski ilikuwa imemsahaulisha kitu ambacho kila mtu mtaani alikijua, kwamba kanda kama ile ya nyumbani ina njia moja tu ya sauti. Alipokuwa anarekodi upuuzi wake alikuwa anamfuta mama, neno kwa neno, dakika zote arobaini.

"Dada, mimi nilidhani..."

"Toka."

Alitoka bila koti. Sikusema naye kwa miaka ishirini na moja.

Machi 2018 madaktari walimwambia moyo wake umechoka na mapafu yanajaa maji. Paulette alinipigia simu, nikaenda. Nilipeleka supu, msamaha sikuupeleka, na supu yenyewe ilikuwa ya kopo. Mtu aliyeongea dakika mia bila kupumua sasa alipata pumzi ya maneno manne kwa mara moja.

"Ile kanda. Uliimaliza kutazama?"

"Niliona ya kutosha."

"Dakika ya thelathini na tatu. Itazame. Halafu nikwambie."

"Nyamaza, unywe supu."

Aliniomba mara sita katika miezi ishirini. Mara zote sita nilimnyamazisha, na sitadanganya mbele ya jeneza, nilisikia raha. Marehemu aliaga dunia hospitalini hapa Burbank siku ya Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2019, saa kumi na dakika ishirini jioni, akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Jumanne hii alasiri Paulette alikuja kwangu amebeba deki kwapani. "Wifi, huwezi kumwandika mtu uliyekataa kumsikiliza," alisema. "Toa kanda." Nikaitoa kwenye sanduku la viatu.

Lowell anaongea, anaongea. Anasema mpiga picha ni dada yake na mikono inamtetemeka kwa kicheko. Anasema kisu kile ni cha babu. Dakika ya thelathini na tatu mama anaweka kisu chini, anafuta mikono, anageuka kunitazama mimi niliyeshika kamera. Lowell anasema, "Hapa nampisha mama. Anaongea na Doreen." Kisha ananyamaza.

"Kazini kwao ndivyo walivyofanya," Paulette akaniambia. "Mtu kwenye sinema akifikia neno zito, unaacha kuongea, asikike yeye."

Midomo ya mama inacheza sekunde kumi na tisa. Hakuna sauti, ni mvumo wa kanda tu. Lowell alikuwa amemwachia nafasi akiamini yumo.

Mimi sikumbuki mama aliniambia nini. Siku ile nilikuwa nahangaika na kamera, sikumsikiliza, nikijua nitamsikia kwenye kanda. Aliyemsikiliza ni Lowell, aliyekuwa ameketi pale mezani, na ambaye hakuwahi kusahau neno lililosemwa mbele ya kamera. Alikuwa ananiomba nitazame mdomo wa mama ili aniambie unachosema. Miaka yote nilidhani katika familia hii mpumbavu ni mmoja, na ni yeye.

Marehemu ameacha mjane, Paulette. Binti, Corinne, na mumewe Anselm, wa Tucson. Mjukuu mmoja, Odette. Watu kumi na saba wenye mashati ya mikono mifupi, ambao nawakaribisha chakula ukumbini pamoja na ndugu. Na dada mmoja, aliyepewa miezi ishirini ya kuuliza swali moja akaona fahari kutouliza.

Mungu ampumzishe pema Lowell, na huko asiwepo wa kumwambia anyamaze.