Siku Niliyokataa Damu Yangu

Sifa zote ni za Mungu, wapendwa. Ketini, ketini, msinipigie makofi bado. Mara ya mwisho niliposimama hapa mlinipigia mapema sana, na mimi nikayapenda.

Kwa wageni ambao hamkuwepo, wacha nieleze. Mimi ni mama wa ndizi, nauza kule soko la Gakoromone, na niko na ugonjwa wa sukari miaka mingi. Huo ugonjwa ukateremka mpaka kwa miguu. Ndugu zangu, nawaambia, nyayo zilikuwa zinawaka kama nimekanyaga majivu ya moto na sina pa kuutoa mguu. Mara zinadungwa sindano, mara siafu wanatembea ndani ya ngozi. Hata shuka ikigusa vidole nilitaka kulia. Mkaniwekea mikono hapa mbele, mkaniombea.

Baada ya miezi kadhaa moto ukaisha. Ulipungua kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja nikakanyaga sakafu ya simiti, na baridi ya huku kwetu mnaijua, nisisikie chochote. Nikasema, Mungu ameniondolea hata baridi! Jumapili hiyo nikakimbia hapa mbele, nikatangaza nimepona, na nilipofika nyumbani nikatupa dawa za sukari chooni. Mzee wangu akaniuliza, "Daktari amesema?" Nikamwambia daktari wangu yuko juu. Kilikuwa kiburi, wapendwa. Nilikifunga kitambaa cha kichwa nikakiita imani.

Chekeni tu. Hata mimi siku hizi nacheka.

Msimu wa makadamia ukafika, zile njugu za ganda gumu. Kwetu tunazipasua kwa jiwe pale kwa veranda, na gambuti zangu, zile buti za mpira za shambani, hukaa hapo hapo mlangoni. Nani kati yetu hukung'uta gambuti? Unatia mguu, unaenda. Nikaenda shambani, nikakata ndizi, nikabeba mikungu mpaka barabarani, nikafika soko, nikasimama nikiuza siku nzima. Jioni nikaketi juu ya gunia nivue gambuti nivae malapa. Jirani yangu, mama wa viazi, akapiga nduru.

"Uui! Mama, hiyo si damu yako?"

Nikaangalia soksi nyekundu, nikamwambia, "Si yangu."

Niliikataa damu yangu mwenyewe, wapendwa, kwa sababu sikuwa nasikia maumivu yoyote. Ndani ya gambuti mlikuwa na nusu ya ganda la makadamia, kali kama kisu, na nilikuwa nimelikanyaga kutoka asubuhi.

Sasa mngedhani nilikimbia hospitali. Wapi! Nilifunga kitambaa nikaendelea kuuza ndizi, maana nani hupanga foleni na kidonda kisichouma? Wiki mbili zikapita. Mzee wangu ndiye aliyesikia harufu. Hakunigombeza, alitafuta gari tu. Huko hospitali daktari akasema kidonda kimeingia ndani, na kikifika mfupa, watakata mguu. Nikaogopa.

Halafu akaja nesi mmoja, msichana mdogo, na kijiti chenye uzi mwembamba wa plastiki. Akaniambia, "Mama, funga macho. Ukisikia nikikugusa, sema ndiyo." Nikafunga. Nikangoja. Nikangoja tena, mpaka nikamwambia, "Anza basi, mimi niko tayari."

Akasema, "Nimekugusa mara tisa, mama."

Nikafungua macho. Uzi ulikuwa umepinda juu ya kidole gumba cha mguu wangu, nauona kwa macho yangu, na mwili wangu haukuwa na habari. Akanieleza polepole kwamba sukari ilikuwa imeharibu mishipa ya fahamu, na siku ile moto ulipoisha sikuwa nimepona, nilikuwa nimekufa ganzi. Kisha akaupeleka uzi mguu wa pili, kwa kisigino, na hapo nikasikia. Kitu kidogo, chepesi, kama nzi ametua. Nikalia kwa sauti wodini. Miaka yote nimekanyaga hii dunia, mawe, umande, miiba, sikuwahi kujua ni ajabu gani Mungu ameweka ndani ya kisigino cha mama wa ndizi. Kusikia nzi! Mpaka leo nikifikiria, mwili unanisisimka.

Kidonda kilichukua miezi saba kufunga. Hawakukata. Nilirudia dawa, nikapunguza ugali, nikaacha chai ya sukari nyingi, na hiyo chai, wapendwa, ilinipiga vita kuliko shetani. Ganzi bado ipo. Hata moto hurudi siku zingine, na nina dawa yake.

Kila jioni mzee wangu huleta karai. Huyu ni mwalimu mstaafu, Mmeru wa mila za zamani kabisa, ambaye hakuwahi hata kuinua sufuria jikoni kwangu. Anapima maji kwa kiwiko, kwa sababu mimi naweza kujichemsha nisijue. Anapiga magoti, ananiosha, anapangusa katikati ya vidole, kisha anawasha tochi ya simu na kukagua wayo mzima akisema, "Hapa sawa. Hapa sawa. Hapa rudia kesho." Mwalimu, usiinamishe kichwa, wacha wakujue. Nikimwangalia utosi wake pale chini huwa nauwekea mkono nikimshukuru Mungu.

Kwa hivyo nashukuru. Mwalimu, asante. Mama wa viazi, asante kwa ile nduru. Yule nesi, Mungu amtunze. Na ninyi, endeleeni kuniombea, lakini msinipeleke mbele tena kabla daktari hajanishika miguu. Mkung'ute gambuti. Mkague nyayo zenu kila siku, na asiyeweza kuinama aombe mtu.

Neno la mwisho ni la mtu mmoja. Wiki iliyopita mama fulani hapa alinishika mkono nje ya mlango, akaniambia kwa furaha kwamba miguu yake imeacha kuwaka, kama yangu, na dawa ameacha, kama mimi. Dada, sitakutaja. Jumatano saa mbili asubuhi nitakuwa kwa geti lako, twende kliniki. Usinitafutie gari. Nitakuja nikitembea.